Mgeni Aingiapo Dar es Salaam

1. Mji Ulivyo

Dar es Salaam ni mji mkubwa kupita miji yote ya Tanzania. U katika pwani ya Bahari ya Hindi, na bandari yake ni ghuba iliyoingia ndani ya nchi, hata meli zikiisha kupita mlango wake mwembamba hukaa katika maji matulivu. Zamani palikuwa na kijiji tu, jina lake Mzizima. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alipapenda mahali hapo, akaanza kujenga mji wake. Jina alilolipata mji huo ni la Kiarabu, nalo hufasiriwa kuwa makao ya amani, au bandari ya salama. Sultani akafa mwaka 1870, kazi yake isijatimia, na majengo mengi yakaachwa kuwa magofu. Wadachi walipoishika nchi, wakaufanya mji huo kuwa makao yao makuu mwaka 1891 badala ya Bagamoyo, na Waingereza walioutwaa mwaka 1916 wakafanya vivyo hivyo. Baada ya uhuru, mwaka 1973, ilikatwa shauri kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na serikali imekwisha kuhamia huko. Walakini watu hawakuacha kuja Dar es Salaam.

Mwaka 1967 watu waliokaa mjini walikuwa yapata 273,000. Walipohesabiwa watu wa mkoa wote mwaka 2022, walionekana 5,383,728. Yaani, palipokuwa na mtu mmoja hapo kwanza, sasa pana watu kama ishirini. Watu hao wote hawakupata nafasi karibu na bandari, wala hawakujengewa nyumba za ghorofa. Wengi walinunua viwanja vidogo nje ya mji, wakajenga nyumba zao wenyewe kidogo kidogo, chumba kwa chumba. Kwa hiyo mji umetambaa kama mboga utambaavyo shambani, ukavimeza vijiji vya mihogo na minazi. Mtu aweza kutoka nyumbani kwake alfajiri, akasafiri saa mbili au zaidi, na bado hajatoka Dar es Salaam.

Mji wa namna hii humchanganya mgeni, hata akiwa mtu mwerevu kwao. Yafaa basi ajue mambo machache kabla ya kufunga mizigo yake.

2. Mkono Wenye Vidole Vitano

Atakaye kuuelewa mji huu na autazame mkono wake. Kiganja ni mji wa kale: bandari, stesheni, Posta, na Kariakoo. Kutoka katika kiganja hicho barabara kuu nne zatoka kama vidole. Ya kwanza ni barabara ya Bagamoyo, iendayo kaskazini, ambayo katika sehemu yake ya mwanzo huitwa Ali Hassan Mwinyi. Nayo hupita Mwenge, na Mbezi Beach, na Tegeta. Ya pili ni barabara ya Morogoro, iendayo magharibi, nayo hupita Magomeni, Manzese, Ubungo, na Kimara. Ya tatu ni barabara ya Nyerere, ipitayo kwenye stesheni ya TAZARA na uwanja wa ndege, ikaendelea hata Gongo la Mboto na Pugu. Ya nne ni barabara ya Kilwa, iendayo kusini kwa njia ya Mtoni na Mbagala.

Kidole cha tano, yaani gumba, kimekaa mbali na wenzake. Hicho ni Kigamboni, ng'ambo ya mlango wa bandari. Watu huvuka kwa kivuko kutoka Magogoni, safari ya dakika chache tu, au hupita katika daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016 upande wa Kurasini.

Tena iko barabara ya Mandela, iliyovikata vidole vitatu kama bangili. Huanza upande wa bandari, ikapita TAZARA na Buguruni hata Ubungo. Toka Ubungo barabara ya Sam Nujoma huendelea mpaka Mwenge. Mgeni akijua habari ya bangili hiyo, amejiponya taabu nyingi. Maana wageni wengi hudhani kwamba kila safari sharti ipite katikati ya mji. Mtu akitoka Mbagala kwenda Mwenge, hana haja ya kuingia Kariakoo kwenye msongamano. Na ashike njia ya Mandela.

3. Mbezi Mbili

Mgeni wa bara huweza kufika kwa gari la moshi au kwa basi. Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria hata Morogoro katika Juni 2024, na hata Dodoma mwezi wa Julai mwaka uo huo. Stesheni yake kubwa i karibu na stesheni ya kale, katikati ya mji. Ila iko stesheni nyingine Pugu, na mtu aendaye pande za uwanja wa ndege hupunguza safari akishuka huko. Mabasi mengi ya bara hufika katika kituo kikuu cha Magufuli, kilichofunguliwa mwaka 2021. Kituo hicho hakiko katikati ya mji kama wageni wadhanivyo, bali kiko Mbezi Luis, mbali katika barabara ya Morogoro.

Kijana mmoja alitoka Njombe kwenda kutafuta maisha mjini. Alikuwa ameuza viazi vya misimu miwili, na fedha yake ilikuwa imeshonewa ndani ya pindo la suruali. Mjomba wake alikuwa amemwambia kwa simu, "Ukifika, niulize Mbezi." Kijana akasikia jina hilo, akaridhika. Basi lilipoingia kituoni usiku, konda akapiga kelele, "Mbezi, mwisho!" Kijana akafurahi, akashuka, akadhani amefika mlangoni kwa mjomba wake. Akatazama simu yake, imekwisha moto.

Mara watu wawili wakamjia, kila mmoja akashika upande wa begi lake. Mmoja akasema, "Kaka, Mbezi yote naijua. Panda pikipiki yangu, bei tutaelewana mbele." Kijana akakumbuka neno la mama yake, kwamba asiulize mtu aliyemjia, bali amwulize mtu aliyeketi kwenye kazi yake. Akalivuta begi lake, akamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na vitumbua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Namtafuta mjomba wangu. Anakaa Mbezi hapa."

"Mbezi ipi? Hapa ni Mbezi ya Luis. Nyingine ni Mbezi Beach, iko barabara ya Bagamoyo. Si karibu."

Kijana akanyamaza, machozi yakamlenga. Yule mama akamwuliza, "Namba yake huna?" Ndipo kijana alipokumbuka kwamba mama yake alikuwa ameandika namba ya mjomba katika karatasi ya daftari, akaitia katika mfuko wa shati lake. Mama wa chai akampigia mjomba kwa simu yake mwenyewe, kisha akamwambia, "Keti hapa penye taa. Usiondoke na mtu yeyote mpaka yeye afike." Mjomba akaja kwa njia ya Goba, ambayo huziunganisha Mbezi hizo mbili, akamkuta mpwa wake ameketi juu ya begi lake, anakula kitumbua.

Katika habari hii yako mafunzo matatu. La kwanza, jina la mahali peke yake halitoshi katika mji mkubwa. Sharti mtu ajue barabara, na kituo, na alama iliyo karibu. La pili, namba za jamaa ziandikwe katika karatasi, maana simu huzimika, huanguka, na huibwa, bali karatasi haiishi moto. La tatu, ni heri kufika mchana. Asiyeweza na asione haya kungoja kituoni penye taa na watu hata kupambazuke.

4. Kuuliza Njia

Katika sehemu nyingi za mji nyumba zilijengwa kabla ya njia kupimwa, na hata leo watu hawafuati sana namba za nyumba. Wenyeji huelekezana kwa vituo vya mabasi na kwa alama. Majina ya vituo yana historia yake. Vingine vimeitwa kwa kitu kilichopo, kama Tabata Relini, mahali pa reli, au Buguruni Sheli, penye kituo cha mafuta. Vingine vimeitwa kwa mwisho wa njia, kama Kimara Mwisho, ingawa mji umepita pale zamani na mwisho umekuwa katikati. Vingine vimeitwa kwa jina la mtu, kama Tandale kwa Mtogole. Pengine kile kitu kilichokipa kituo jina hakipo tena, lakini jina limebaki. Kwa hiyo mgeni asitafute kwa macho tu. Na aulize kwa jina.

Kuuliza si ujinga, lakini kuuliza kuna adabu yake. Kwanza ni salamu. Mtu mzima huamkiwa shikamoo, na mtu wa rika huambiwa habari za saa hizi, ndipo swali hufuata. Mgeni aulizaye bila salamu hujitangaza kuwa mgeni, tena mgeni asiyefunzwa. Wa kuulizwa ni wenye duka, mama lishe, fundi aliye na cherehani yake, au dereva aliyeegesha bajaji penye wenzake. Hao wako pale kila siku na majirani wawajua. Na mtu akiisha kuelekezwa, afadhali amwulize mtu wa pili mbele kidogo. Majibu mawili yakipatana, na aende.

5. Kusafiri Mjini

Watu wengi wa Dar es Salaam husafiri kwa daladala. Magari hayo yalianza kuruhusiwa katika miaka ya 1980, wakati mabasi ya shirika la mji yalipokuwa hayatoshi tena. Jina lake latokana na dala, yaani shilingi tano, iliyokuwa nauli siku zile. Kila daladala limeandikwa mbele majina ya miisho miwili ya njia yake, nalo lina mstari wa rangi ubavuni kwa kuonyesha njia. Mgeni asome majina yote mawili, wala asipande kwa kusikia sauti ya konda peke yake. Maana konda hutaja vituo vingi kwa upesi, na gari moja laweza kuwa linakwenda pale mtu atokako.

Nauli huamriwa na serikali, na wanafunzi hulipa kidogo kuliko watu wazima. Ni vema mtu awe na fedha ndogo ndogo mkononi, ili asifungue mfuko wake mkubwa mbele ya watu. Akipanda, amwambie konda mapema, "Nitashuka kituo fulani," na akikaribia apaze sauti, "Shusha!" Mwenye kunong'ona hupitishwa kituo chake. Mzee, au mama mwenye mtoto mgongoni, akiingia, kijana husimama ampishe. Desturi hiyo ingali ipo, na yafaa isife.

Mwaka 2016 yalianza mabasi ya mwendokasi katika barabara ya Morogoro. Hayo yalipewa njia yao wenyewe katikati ya barabara, na nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda. Mgeni asitembee katika njia hiyo wala asikimbilie kukata mbele yake, maana basi lisilo na msongamano mbele yake huja kwa kasi, na watu wamekwisha kuumia.

Bajaji na pikipiki hufika mahali ambapo basi halifiki. Bei ipatanwe kabla ya kupanda, kwa maneno yaliyo wazi: ni bei ya mtu mmoja au ya gari zima, mpaka kituoni au mpaka nyumbani. Neno "tutaelewana mbele" limewagharimu wengi. Juu ya pikipiki mtu avae kofia ngumu, na dereva asiye na kofia ya pili aachwe aende zake.

Jambo kubwa kuliko yote ni saa. Asubuhi watu wote huelekea kiganjani, na jioni wote hurudi vidoleni. Ndipo barabara hujaa magari na kusimama. Hiyo ndiyo foleni. Mwenye shauri la saa mbili asubuhi katika mji, naye akaa Mbagala au Tegeta, huamka saa kumi za usiku na huwa njiani kabla jua halijatoka. Safari ya nusu saa wakati wa mchana yaweza kuwa saa mbili jioni. Kwa hiyo mwenyeji aulizwapo, "Ni mbali?" hajibu kwa kilomita, bali huuliza, "Unakwenda saa ngapi?"

6. Kupata Nyumba

Mtu aliyekuja kutembea hurudi kwao, lakini aliyekuja kukaa lazima apate chumba. Nyumba nyingi za kupanga zina vyumba pande mbili za ukumbi, na ua nyuma wenye jiko, choo, na maji ya wote. Vyumba hutafutwa kwa dalali, naye kwa desturi hutwaa ujira wa kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba naye mara nyingi hudai kodi ya miezi sita, au hata ya mwaka mzima, kwa mara moja. Hilo ndilo huwashangaza vijana wa bara. Mtu huja na fedha adhaniyo yatosha kuanza biashara, nayo yote huingia katika kuta nne. Basi asiyekuwa na jamaa wa kumpokea na afanye hesabu hiyo kwao, kabla ya kupanda basi.

Yule kijana wa Njombe alikaa kwa mjomba wake miezi miwili, akapata kazi ya kupakia mizigo Kariakoo. Mwezi wa Agosti akaona safari ya kila siku imemchosha, akatafuta chumba karibu na kazi. Dalali akampeleka katika bonde la mto Msimbazi. Chumba kilikuwa kizuri, kimepakwa rangi upya, na kodi yake ilikuwa nusu ya vyumba vingine. Dalali akasema, "Ukilipa leo miezi sita, ufunguo ni wako. Kesho atakuja mwingine." Kijana alikuwa tayari amekwisha kufumua pindo la suruali, lakini akaona si adabu kuhama bila mjomba kupaona mahali pale. Akampigia.

Mjomba alipofika hakutazama rangi. Alifungua mlango, akatazama nyuma yake, mahali ambapo mpakaji rangi hakufika. Palikuwa na mstari wa tope lililokauka, juu kidogo ya kiuno cha mtu. Kisha akamwendea bibi mmoja jirani aliyekuwa akichambua mchele uani.

"Shikamoo, bibi. Wakati wa masika maji hufika wapi hapa?"

Bibi akanyosha mkono, akaonyesha dirisha. "Pale. Sisi huhamia kwa jamaa Magomeni, tukarudi yakipungua. Vitu vya chini huvikuti tena."

Dalali akaondoka bila kuaga. Kijana akakaa kimya njia nzima, akiwaza jinsi alivyotaka kutoa fedha ya viazi vyote kwa nyumba ya mto. Masika yaliyofuata alipita karibu na bonde lile, akaona maji mekundu yamekaa ndani ya nyumba, na dirisha lile limezama.

Mto Msimbazi hutoka katika vilima vya Pugu, ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Wakati wa kiangazi ni mto mdogo ambao mtoto aweza kuuvuka, lakini mvua za masika, kati ya Machi na Mei, na pengine mvua za vuli mwishoni mwa mwaka, huujaza hata ukafunika bonde lote. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliua watu, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande, mbali upande wa kaskazini. Wako waliorudi bondeni baadaye, si kwa kupenda maji, bali kwa sababu riziki yao i karibu na Kariakoo na nauli haina huruma. Hao hawafai kuchekwa. Lakini mgeni aliye na fedha yake mkononi bado ana nafasi ya kuchagua, na nafasi hiyo asiipoteze kwa haraka.

Atafutaye chumba na aulize mambo haya: mita ya umeme ni ya chumba kimoja au ya nyumba nzima, na gharama hugawanywaje, maji hutoka siku gani, na kuna tangi au hakuna. Sehemu kubwa ya maji ya mji hutoka katika mto Ruvu, na ukame wa mwaka 2022 ulipoupunguza mto, watu wa mjini walipata maji kwa zamu. Tangu hapo hata mwenye bomba huweka ndoo zake zimejaa. Tena fedha isitolewe bila karatasi ya mapatano yenye majina, tarehe, na mashahidi.

Akiisha kuhamia, na aende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa mjumbe, ajitambulishe na kuonyesha kitambulisho chake. Wengine hudharau jambo hili, lakini mtu asiyejulikana mtaani huona taabu siku ya haja. Barua ya utambulisho itokayo kwa serikali ya mtaa huombwa katika mambo mengi, hata katika kutafuta kazi au kumdhamini mtu. Tena mgeni akipatwa na ugonjwa au msiba, majirani ndio ndugu zake wa kwanza. Naye awatembelee katika misiba yao na harusi zao, na kutoa mchango wake kwa kadiri awezavyo.

7. Wadanganyifu

Penye wengi pana mengi. Katika kuta nyingi za mji huu yameandikwa kwa rangi maneno haya: "Nyumba hii haiuzwi." Mgeni hucheka aonapo hayo, akasema, kama haiuzwi, kwa nini kuandika? Lakini sababu ipo. Wako watu ambao huuza nyumba zisizo zao. Humwonyesha mnunuzi nyumba wakati mwenyewe hayupo, wakatoa karatasi zenye mihuri, wakatwaa fedha, wakatoweka. Pengine ndugu mmoja huuza nyumba ya urithi bila wenzake kujua. Basi atakaye kununua nyumba au kiwanja na aulize kwanza majirani wa pande zote nne, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, kisha ofisi ya ardhi, ndipo afungue mkoba wake.

Udanganyifu mwingine hupita katika simu. Mtu hupata ujumbe usemao, "Ile fedha tuma kwenye namba hii," kana kwamba watoka kwa mtu amjuaye. Aliye na deni au ahadi kweli hudhani ni mwenziwe, akatuma. Dawa yake ni nyepesi: asitume kabla ya kupiga namba ya zamani na kuisikia sauti ya mwenyewe. Na namba ya siri ya fedha za simu haambiwi mtu yeyote, hata akijiita mkubwa wa kampuni.

Kariakoo hasa yataka macho. Jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa vita vya 1914 hata 1918, ambao kambi yao ilikuwa hapo. Jengo la soko lilijengwa katika miaka ya 1970, likaungua Julai 2021, na kujengwa tena. Wafanya biashara huja huko toka Zambia na Kongo, na vitu ni vingi na rahisi. Mnunuzi aulize bei katika maduka matatu kabla ya kununua, akikague kitu mbele ya mwuzaji, na begi lake alivae kifuani, si mgongoni.

8. Mwisho

Wako vijana waliopoteza fedha yao siku ya kwanza, wakaona haya kuwaambia jamaa zao. Wakajificha, wakalala vibarazani, na kwao walidhaniwa wamefanikiwa na kusahau. Haya ya namna hiyo imewaharibu wengi kuliko wezi. Mtu aliyeibiwa hana kosa la kufichwa, na aliyedanganywa hakuwa wa kwanza. Na aseme upesi, kwa polisi, kwa mjumbe, na kwa ndugu zake, wakati msaada ungaliko karibu.

Mji mkubwa haumpendi mgeni wala haumchukii, maana haumjui. Wamjuao ni watu: mama wa chai, bibi wa uani, konda, jirani. Yule kijana wa Njombe alipanga chumba Magomeni, mahali palipoinuka, na mwaka uliofuata akaenda Mbezi Luis kumpokea mdogo wake. Kabla hajaondoka, alimpigia simu, akamwambia, "Andika namba yangu katika karatasi. Na mtu akikuuliza waenda wapi, usiseme Mjini. Sema Magomeni Mapipa." Alipofika kituoni mapema, alikwenda kwanza kumwamkia mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na vitumbua.

Maswali

1. Kwa nini mji wa Dar es Salaam umefananishwa na mkono? Taja vidole vyote vitano.
2. Barabara ya Mandela yamfaa nani?
3. Mama wa chai alimwuliza kijana swali gani lililomponya?
4. Mjomba alitazama nini ndani ya chumba, na kwa nini hakuitazama rangi?
5. Eleza sababu ya watu kuandika "Nyumba hii haiuzwi."
6. Mwandikie barua ndugu yako atakaye kuja kwenu kwa mara ya kwanza. Mweleze njia kwa kutaja barabara, kituo, na alama.